Shangazi, kaka anataka nimletee biri na ramu kutoka Havana

Shikamoo shangazi,

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kwa muda mrefu na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia kuhusu tumbaku. Mimi sivuti. Pombe sinywi. Lakini hapa ninapoandika ni saa nane za usiku, mke wangu amelala, nami niko jikoni nasoma sheria za forodha za Marekani kwenye simu kama mwanafunzi mwenye mtihani kesho.

Nipo Marekani mwaka wa saba sasa. Nina mke, nina mtoto mmoja, nafanya kazi maabara ya hospitali. Grini kadi yangu inatimiza miaka mitano miezi michache ijayo, na nimeshaanza kukusanya karatasi za kuomba uraia.

Aliyenipokea nchi hii ni kaka yangu mkubwa. Nilitua Januari nimevaa kikoti cha mvua. Alinitazama, akacheka, akavua koti lake palepale uwanja wa ndege akanivika, yeye akatembea hadi kwenye gari na sweta. Nilikaa kwake miezi kumi na moja, nikilala kwenye kochi la sebuleni, na shemeji hakuwahi kuninunia hata siku moja. Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, ndiye aliyelipa nusu ya hela ya mwanasheria. Kila nikijaribu kumrudishia, ananijibu, "Acha upuuzi."

Sasa kwaya ya kanisa letu imealikwa Havana wiki moja, kuimba na kanisa rafiki la huko. Tuko watu 22. Viongozi walitueleza kwamba mkazi wa Marekani haruhusiwi kwenda Kuba kutalii tu. Safari lazima iangukie katika mafungu kumi na mawili yaliyotajwa na serikali, na yetu ni shughuli za dini. Karatasi zote tumesaini.

Nilipomwambia kaka, alifurahi kuliko mimi. Wiki mbili baada ya sisi kurudi anatimiza miaka 50, na ameshaalika watu. Akaniambia, "Niletee boksi moja la biri za Cohiba, zile za 25, na chupa mbili za ramu ya Havana Club ya miaka saba. Hela nitakurudishia." Halafu akasema neno ambalo limenikaa kooni: "Safari hii mdogo wangu ndiye atakayenitunza mimi."

Nikasema sawa. Shangazi, nilisema sawa kabla sijajua chochote.

Siku chache baadaye kiongozi wa msafara akatukalisha kitako na kutuambia wazi: pombe na tumbaku ya Kuba haiingii Marekani. Hata biri moja, hata ikiwa zawadi. Nikampigia kaka. Akacheka sana. Akasema rafiki yake alileta mwaka 2018, akazitaja mbele ya afisa, akaambiwa karibu nyumbani. Akasema viongozi wetu wanatutisha kwa sababu hawapendi walevi. Nilipomwambia tena kwamba viongozi wamesisitiza, akaanza kunipa mbinu. Nitoe zile pete za karatasi kwenye biri, nizipange kwenye boksi la biri za Dominika. Au nigawe, kila mwanakwaya abebe mbili tatu. Au ninunue kwenye duka lisilo na ushuru uwanja wa ndege, maana "za pale zina ruhusa yake".

Mke wangu hataki kusikia. Anasema kaka yangu ananitoza riba ya koti. Ushauri wake ni kwamba nirudi mikono mitupu, kisha nimwambie kaka zimekamatwa forodhani. Anasema hapo hakuna atakayeumia. Mimi namtazama tu. Sitaki kumdanganya afisa, sasa nikamdanganye ndugu yangu wa tumbo moja?

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. Je, kweli boksi moja na chupa mbili ni jambo kubwa kiasi cha kuninyima usingizi? Na nikikataa, nitakuwa nimekuwa mtu gani mbele ya aliyenivika koti lake?

Ni mimi,
Mdogo Mtu, Marekani

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za forodha. Mara ya pili nikahesabu: koti umelitaja mara tatu, na barua yako umeimalizia na koti. Biri umeziandika kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Hilo tutalirudia. Nianze na forodha, maana ndiyo nyepesi kati ya mizigo yako miwili.

Kwanza nimtetee kaka yako. Hakudanganyi. Mwezi Desemba 2014 Rais Obama alitangaza kulegeza uhusiano na Kuba, na kuanzia Januari 2015 aliyekwenda huko kihalali aliruhusiwa kurudi na bidhaa za dola 400, ila pombe na tumbaku kwa pamoja zisizidi dola 100. Oktoba 2016 kikomo hicho kikaondolewa. Ikabaki sheria ya kawaida ya msafiri: biri zisizozidi 100 na lita moja ya pombe bila ushuru, ndani ya msamaha wa dola 800, na kinachozidi unakilipia. Rafiki wa kaka yako aliyepita mwaka 2018 alipita mlango uko wazi, na afisa aliyemkaribisha nyumbani alikuwa anafuata kanuni za siku ile.

Septemba 2020 mlango ukafungwa. Wizara ya Fedha ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia vikwazo dhidi ya Kuba, ilibadili kanuni, na tangu hapo pombe na tumbaku zenye asili ya Kuba haziruhusiwi kuingia nchini kwenye mzigo wa msafiri, hata kwa matumizi yake mwenyewe. Kwa hiyo kiongozi wenu wa msafara hakuwatisha. Yeye ana kanuni za leo, kaka yako ana kumbukumbu za 2018, na wote wawili wanaongea kwa uhakika uleule. Ndiyo maana umebaki katikati hujui umwamini nani.

Hapa nacheka kidogo peke yangu, maana biri hizi zimewahi kumsumbua mkubwa kuliko kaka yako. Februari 1962, Rais Kennedy alimtuma msemaji wake, Pierre Salinger, amtafutie usiku ule biri za Kuba kama 1,000. Asubuhi Salinger akarudi na 1,200. Kennedy alipokwisha kuhakikishiwa idadi, ndipo akasaini marufuku ya biashara na Kuba. Salinger mwenyewe ndiye aliyekuja kusimulia. Kwa hiyo mtu kuzitamani hata akatafuta mwanya si jambo geni wala si dalili ya uhalifu. Ila Kennedy alinunua kabla ya kusaini. Wewe ungenunua baada.

Tuje kwenye mbinu. Ile ya duka lisilo na ushuru iondoe kabisa. Kinachoangaliwa ni asili ya bidhaa, si mahali ilipouzwa. Ungeinunua Havana, London au Madrid, ni ileile. Neno "bila ushuru" maana yake hukulipa kodi ya pale ulipoinunua. Halibadilishi udongo ulioiotesha tumbaku.

Ya kutoa pete ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na nataka uitazame polepole. Mtu aliyerudi na boksi lake zima, na risiti yake, akidhani bado ni 2018, huyo amekosea. Aliyekaa chumbani hotelini anabandua pete moja moja na kuzipanga biri kwenye boksi la nchi nyingine, huyo hawezi tena kusema hakujua. Vidole vyake vimeshatoa ushahidi. Na mbinu yenyewe ina tundu upande wa pili: forodha ya Kuba nayo ina kanuni zake za kutoa biri nchini. Biri zilizolegea, zisizo kwenye boksi rasmi, mwisho ni 20. Zikiwa kwenye boksi lililofungwa lenye muhuri wake wa kung'aa unaweza kutoka na 50, na zaidi ya hapo wanataka ankara ya duka rasmi. Kaka anataka 25. Ukizivua nguo zake kule kule, umeshavunja sheria ya nchi ya kwanza kabla hujafika ya pili.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nadhani kaka hajayafikiria. Bei ya Cohiba ilipandishwa sana duniani kote mwaka 2022. Kadi za benki za Marekani kwa kawaida hazifanyi kazi Kuba, hivyo hela yote ya boksi ungeibeba mkononi. Na mitaani Havana hakosekani kijana wa kukunong'oneza kwamba mjomba wake anafanya kazi kiwandani. Mara nyingi anachokuuzia ni majani ya hovyo kwenye boksi zuri. Wewe usiyevuta utajuaje?

Ya kugawa kwa wanakwaya sitaisemea sana. Wale 22 wamesaini karatasi ya kwenda kumwimbia Mungu.

Umeniuliza kama boksi moja na chupa mbili ni jambo kubwa. Kwa uzito wake si kubwa. Wapo wanaopita bila kuulizwa neno. Wapo wanaokutwa nazo, wakanyang'anywa, wakaenda zao. Lakini ukubwa wa jambo hili hautoki kwenye boksi, unatoka kwenye jibu utakalotoa. Afisa atakuuliza umebeba nini. Ukitamka kwamba una biri na ramu ya Kuba, hujazihalalisha, zitabaki marufuku, ila umejitoa kwenye kosa la kuficha. Ukificha, bidhaa inachukuliwa, na juu yake unaweza kutozwa faini inayofikia thamani ya hicho ulichokificha. Ukimwambia afisa wa serikali uongo kwa kujua, hilo ni kosa la jinai lenye sheria yake, na halina uhusiano na tumbaku. Na kwako wewe mwenye grini kadi, anayekagua begi pale mpakani ni wa idara ileile inayoamua uingie vipi nchini. Kisha itakuja fomu ya uraia. Inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kuzuiliwa, na inapima mwenendo wako, hasa miaka hii mitano unayoikamilisha. Sisemi biri 25 zitakunyima uraia. Nasema utakuwa na jambo la kueleza, tena katika mwaka ambao ungetamani usiwe na la kueleza. Una mwanasheria aliyekushughulikia. Saa moja naye ina thamani kuliko usiku kumi jikoni na simu.

Haya, tuliweke begi chini, tumwangalie kaka.

Mkeo amesema neno kali, riba ya koti. Nimelifikiria. Huenda ana haki, maana yeye anakaa nawe na anaona ninayoyasoma tu. Lakini niligeuza barua yako huku na huku nikitafuta mahali pengine ambapo kaka amewahi kukuomba kitu. Sikupaona. Naona akitoa koti, akitoa kochi, akitoa hela ya mwanasheria, na ukinyoosha mkono kurudisha, anausukuma. Mtu wa namna hiyo, akifika miaka 50 na watu wameshaalikwa, akisema "safari hii mdogo wangu ndiye atakayenitunza", je, anadai deni? Au anataka kwa mara moja tu aonekane mbele ya wageni wake kwamba yule aliyemlea amekua na anamkumbuka? Wewe unaijua sauti yake. Mimi nina karatasi tu.

Inawezekana pia ni vingine. Yapo makaka ambao wema wao ni kamba ndefu, huivuta polepole. Ukiona kwamba kila ukisema hapana kuhusu lolote, historia ya koti inatolewa kabatini, basi mkeo ameona kweli, na shida yako si Kuba. Ila hilo usiliamue kwa ombi moja la sherehe ya kuzaliwa.

Kuna kitu kimoja nilikiona ambacho nadhani hukukiona mwenyewe. Ulimpigia kaka ukamwambia nini? "Kiongozi wa msafara amesema." Akakujibu kuhusu kiongozi wa msafara: anatisha watu, hapendi walevi. Ukarudia, "Viongozi wamesisitiza." Akakupa mbinu za kuwapita viongozi. Katika barua nzima sikukusikia ukimwambia, "Kaka, naogopa. Karatasi zangu za uraia zinakaribia, na sitaki kuuchezea mwaka huu." Ulimpelekea sauti ya mtu mwingine, naye akabishana na huyo mtu mwingine. Huenda hajui kabisa kwamba miaka yako mitano inakaribia. Huenda anadhani unaona haya mbele ya wachungaji. Yeye aliyelipa nusu ya hela ya mwanasheria ili upate hiyo grini kadi, ukimwambia kwamba ndiyo iliyo mezani, sidhani kama ataendelea kuzungumza habari za pete za karatasi. Ninaweza kukosea.

Sasa njia zilizo mbele yako, nizitaje nilivyoziona mimi, wewe uzipime.

Ya mkeo kwanza, ya kusema zimekamatwa. Naielewa, ni mbinu ya mwanamke anayetaka amani ndani ya ukoo. Mna watu 22 watakaorudi na simulizi, na kwenye sherehe ya kaka yako hakosekani mmoja wao. Pia fikiria kaka anasimama mbele ya wageni kusimulia jinsi mdogo wake alivyohatarisha karatasi zake kwa ajili yake, na wewe umekaa pale unatabasamu. Hapo utakuwa umejishonea koti jingine la kubeba. Mimi niliwahi kudanganya hivyo kuhusu kifurushi nilichoombwa kubeba na jirani. Nikasema kilipotea, kumbe nilikiacha kwa kuogopa kilichomo. Miaka mitatu alikuwa ananipa pole kwa usumbufu ule. Kila pole ilinichoma.

Ipo ya kukataa mikono mitupu. Ni safi kwa upande wa sheria, na huenda ikatosha kama mazungumzo yatakuwa ya kweli. Hatari yake ni kwamba ulishasema sawa, na yeye alishatangaza. Kadiri unavyochelewa ndivyo atakavyokuwa amewaambia wengi zaidi, na aibu yake itakuwa kubwa kuliko biri zenyewe. Kama utakataa, iwe kabla ya kusafiri, asije akakusubiri uwanjani.

Ipo ya kumtafutia mbadala. Baada ya mapinduzi ya Kuba, serikali ilitaifisha viwanda mwaka 1960, na baadhi ya wenye viwanda wakahama na majina yao. Ndiyo maana leo Montecristo na Romeo y Julieta zipo mbili mbili, za Kuba na za Jamhuri ya Dominika. Hata Cohiba, ingawa si kwa sababu hiyo, ipo ya Dominika inayouzwa Marekani kihalali. Hata ramu inayoitwa Havana Club ipo inayotengenezwa Puerto Rico na Bacardi, na jina hilo limeleta kesi za miaka mingi kati yao na upande wa Kuba. Kwa hiyo unaweza kumwekea mezani chupa na boksi vyenye majina yaleyale aliyoyataja bila kuvunja sheria hata moja. Lakini mpime kwanza. Kama kaka ni mjuzi wa vitu hivi, ukimpa bila kumwambia atakuona unamfanyia mzaha. Ukimwambia mapema, huenda ikawa kichekesho cha kufungulia sherehe.

Na ipo nyingine ambayo mimi ndiyo imenivutia, ingawa najua mvuta biri ataikunjia uso. Vikwazo hivi havigusi vitu vya habari na sanaa: vitabu, santuri, picha, mabango, michoro. Na kanuni inayokataza pombe na tumbaku inaruhusu bidhaa nyingine za Kuba kwenye mzigo wa msafiri kwa matumizi yake. Unaweza kurudi na santuri ya zamani ya muziki wa Kuba, au mchoro uliochorwa Havana, ukautangaza mbele ya afisa bila moyo kudunda. Biri 25 wageni watazimaliza usiku mmoja. Mchoro utabaki ukutani kwake, juu ya lile kochi. Lakini mimi sivuti, kwa hiyo ushauri wangu hapa upunguzie bei.

Kama anachotaka hasa ni kuvuta Cohiba ya kweli akiwa na miaka 50, sheria haimfungii njia. Mkazi wa Marekani akiwa nchi ya tatu, tuseme Kanada au Meksiko, anaruhusiwa kununua biri na ramu ya Kuba na kuzitumia huko huko, mradi asirudi nazo. Ndugu wawili, siku mbili, kwa gharama yako. Hilo ni ghali kuliko boksi moja, na lazima ulizungumze na mkeo kwanza, tena usimwambie kwamba ni mimi niliyelianzisha. Ila kwa mtu ambaye miaka saba amekusukuma mkono kila ulipotaka kumrudishia, sioni ni vipi atasema "acha upuuzi" wakati tiketi imeshakatwa.

Na ukiona kaka amekasirika hasikii, usimsahau shemeji. Yule ambaye hakuwahi kukununia miezi kumi na moja ana mlango wake kwa mumewe ambao wewe huna. Ila usimtume yeye mwanzo. Kaka akisikia hofu yako kwa kinywa cha mkewe kabla hajaisikia kwako, utakuwa umerudia lile kosa la viongozi wa msafara.

Umeniuliza utakuwa mtu gani mbele ya aliyekuvika koti. Nami nakuuliza, ulishawahi kumwambia habari za koti hilo? Si kwa kurudisha hela. Kumwambia tu kwamba unakumbuka alitembea na sweta hadi kwenye gari. Ninyi ndugu wa kiume mna tabia ya kulipana fadhila kimya kimya kwa vitu, mpaka siku kitu kikikatazwa mnajikuta hamna cha kuzungumza. Kama ningekuwa wewe, ningeianzia simu hapo, biri zingefuata baadaye. Lakini wewe ndiwe unayejua kama kaka yako ni mtu wa kuambiwa hayo kwenye simu au ni wa kuendewa nyumbani, mkakaa pale sebuleni.

Bado una siku kadhaa kabla ya safari. Niandikie alivyojibu, hata kama amekukatia simu. Na uniambie mnaimba nini huko Havana.

Shangazi